Kibali cha Kucheza Karata Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliokatazwa kula. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Kaeni niwaeleze. Na wewe mtu mzima unayejifanya umemleta mtoto tu, sogea karibu, maana hadithi hii ni yako kuliko yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji. Mji ukawa na halmashauri. Halmashauri ikawa na wakubwa. Wakubwa wakapewa viti, na mtu akishapewa kiti huanza kutafuta la kufanya. Mji wenyewe ukiitwa Kichuguuni.

Huko Kichuguuni alikaa Bi Nyegere. Nyegere mnamjua? Mfupi, mweusi, mgongo mweupe, hasira ziko puani. Nyuki wamemuuma mpaka wamechoka wao. Chui akimwona anapisha njia, anasema, "Shikamoo, bibi, pita tu." Lakini Bi Nyegere huyu alikuwa na jambo moja lililomshinda, nalo ni baba yake.

Mzee Nyegere alifiwa na mkewe. Alipotoka kuzika, akalala, akageukia ukuta. Ukimsemesha, kimya. Ukimpa ugali, kimya. Ukimpa asali, asali jamani, nyegere! Kimya. Akakonda, akakonda, mpaka ngozi yake, ambayo kwa nyegere huwa imelegea tangu kuzaliwa, ikamning'inia kama kanzu ya kuazima. Bi Nyegere alibembeleza. Akalia. Akafoka. Mzee hakugeuka.

Ndipo alasiri moja akaja Kobe, rafiki wa mzee tangu ujana. Hakutoa pole. Hakutoa nasaha. Alikaa pale nje kibarazani, akatoa karata, akazichanga, cha-cha-cha-cha! Akasema kwa sauti ya juu, "Nasikia humu ndani kuna mtu alikuwa anajua kucheza."

Kimya.

"Lakini nasikia pia alikuwa mwizi."

Mara mlango ukafunguka, kwaa! Mzee huyo hapo, macho mekundu. "Mwizi nani?"

Basi tangu siku hiyo, kila alasiri, karata kibarazani. Upande mmoja Mzee Nyegere na Kobe. Upande wa pili Nungunungu na Kanga. Na walikuwa wezi, msidanganywe! Mzee akificha turufu ndani ya ile ngozi yake iliyolegea. Kobe naye akimpa ishara mwenzake: kichwa ndani, nina ree, kichwa nje, sina kitu. Nungunungu akishindwa husimamisha miiba, msikae naye karibu. Kanga yeye hata akishinda analalamika. Kelele! Matusi! "Mchezaji gani wewe, rudi ukalelewe upya!" "Wewe nawe, kichwa kama mbegu ya fenesi!"

Na walichezea nini? Hili lishikeni. Walichezea maji. Watakaoshindwa, wanakwenda kisimani, wanachota maji, wanachemsha kahawa, wanawaandalia waliowashinda, huku wakizomewa. Basi. Kahawa ikinywewa, kila mtu anarudi kwake na alichotoka nacho.

Kahawa ikifika, Bi Nyegere alikuwa akitoka na sahani ya ugali, anaisukuma polepole karibu na baba yake. Mzee yuko katikati ya ugomvi, anamtukana Kanga, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye sahani. Tonge. Tusi. Tonge. Tusi. Mpaka sahani inakuwa nyeupe, na hajui kama amekula. Siku mvua ikinyesha na karata zisichezwe, hali hata punje. Bi Nyegere alishajua: pasipo karata, baba hali, asipokula, atamfuata mama.

Sasa, mwisho wa barabara ile ile, Fisi akafungua nyumba. Mlango mzito. Pazia nene. Mlangoni amesimama Mbweha, ndiye mlinzi. Ndani karata zinachezwa, lakini huko hakuna kelele, hakuna matusi, hakuna anayecheka ila Fisi. Digidigi aliingia na mtama wa wanawe, akatoka mikono mitupu. Ngedere aliingia na mkeka mabegani, akatoka hana hata pa kulalia. Wake zao wakaenda kulia halmashauri.

Halmashauri ikasikia. Hapo nawasifu, walisikia. Mwenyekiti, Mheshimiwa Kiboko, akajaa kwenye kiti chake, akapiga meza, ndi! "Jambo hili halivumiliki! Tutatunga sheria!"

Wakatunga. Sheria ikasema: ni marufuku kucheza karata kwa kuchezea kitu chochote, ila katika nyumba ya mchezo yenye kibali cha halmashauri. Wanyama wakapiga vigelegele. Bi Nyegere naye alipiga. Akasema moyoni, Fisi leo amepatikana.

Mwenyekiti akamtuma Korongo, afisa wa halmashauri. Miguu mirefu, shingo ndefu, mdomo mrefu wa kuchokonolea.

Nawauliza nyinyi. Ukitumwa kumtafuta mwizi, utaanzia wapi? Si kwa mwizi? Haya. Korongo alifika kwa Fisi, akaona mlango umefungwa, pazia limeshushwa, haonekani mtu. Akasema, "Hapa pametulia." Akapita. Akaenda mbele kidogo, akaona kibarazani watu wanne, mchana kweupe, wanapigiana kelele na karata mkononi. Akasema, "Aha! Nimewapata!"

Msicheke. Mkicheka nitakasirika zaidi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, afisa," akasema Bi Nyegere. "Umepita nyumba. Fisi yuko kule ulikotoka."

"Sikuja kwa Fisi. Nimekuja kwenu. Mnacheza nini?"

"Karata," akasema Kobe.

"Mnachezea nini?"

"Maji," akasema Kanga. "Anayeshindwa anachota maji ya kahawa. Na leo atachota huyu Kobe, tutamsubiri mpaka wiki ijayo!"

Korongo akainua mguu mmoja, akafikiri. "Maji ni kitu?"

Wakatazamana. "Ni kitu."

"Basi mnachezea kitu. Kuchezea kitu ni kamari. Mna kibali?"

Bi Nyegere akasema, "Afisa, hebu tuliza shingo. Hawa ni wazee. Hawa wanachota maji!"

"Sheria haikusema wazee. Imesema kitu."

Akanyoosha mdomo, nyaku! Akazibeba karata zote. Akafunga kamba kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, mtu asikae kibarazani. Akaenda zake, dapa, dapa, dapa.

Mzee Nyegere akaitazama ile kamba. Akaingia ndani, akalala, akageukia ukuta.

Jioni ile Bi Nyegere alileta ugali. Ukapoa. Asubuhi akaleta uji. Ukaganda. Akasema, "Nitakipata hicho kibali, baba. Hata kama kiko tumboni mwa mamba." Akajifunga kibwebwe, huyoo, halmashauri.

"Nataka kibali cha karata," akamwambia Korongo.

"Vizuri. Nyumba yako ya mchezo ina mlango?"

"Ni kibaraza."

"Nauliza mlango."

"Afisa, kibaraza hakina mlango. Kikiwa na mlango ni chumba."

"Nyumba ya mchezo sharti iwe na mlango. Nenda, kapatengeneze, urudi."

Akaenda. Akakata fito, akakanda udongo, akazungushia kibaraza ukuta, akatia mlango. Akarudi, na jasho likimtoka anaimba:

*Nimekwenda, nimerudi,*
*nimerudi, nakwenda tena;*
*wakubwa wana milango,*
*na kila mlango una mwingine.*

"Nimetia mlango."

"Vizuri. Una pazia?"

"La nini?"

"Watoto wapitao njiani wasione mchezo."

"Wakiona wazee wanachota maji watapata ugonjwa gani?"

"Pazia, bibi. Subira yavuta heri."

"Subira yangu imevutwa mpaka imekatika!" Lakini akaenda. Akashona pazia kwa kanga za marehemu mama yake. Iliuma kuzikata, akazikata. Akarudi.

*Nimekwenda, nimerudi,*
*nimerudi, nakwenda tena...*

"Nina mlango. Nina pazia."

"Vizuri sana. Mlinzi wako nani?"

"Mlinzi!" Bi Nyegere akapiga kelele mpaka nzi wakaruka dirishani. "Amlinde nani? Kobe? Kobe ana kelele gani, ana mbio gani, hata alindwe?"

"Sharti ni sharti," akasema Korongo, akainua ule mguu wake.

Na ndani nyumbani mzee amelala. Ukimgusa, ngozi inabaki mkononi, nyama huioni.

Sasa sikilizeni chumvi iliyotiwa kwenye kidonda. Bi Nyegere anarudi nyumbani, hana nguvu, anapita kwa Fisi. Anaona nini? Kibao kipya, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA MCHEZO. INA KIBALI CHA HALMASHAURI. Fisi amesimama mlangoni, meno yote nje.

"Habari za mizunguko, jirani?"

"Wewe umepewa kibali?"

"Siku ile ile niliyoomba. Mimi ni raia mwema. Nina mlango. Nina pazia. Nina mlinzi. Kwani wewe unakosa nini?"

Bi Nyegere alisimama. Kitu kikamgonga kichwani. Mlango. Pazia. Mlinzi. Hakwenda nyumbani. Aligeuka pale pale, akarudi halmashauri, akampita Korongo, akampita karani, akaufungua mlango wa Mwenyekiti bila hodi.

Kiboko alikuwa anasinzia kitini. Akashtuka. "Nani? Nini? Kuna mafuriko?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nauliza moja tu. Mlipotunga ile sheria, nani aliwaambia nyumba ya mchezo lazima iwe na mlango, na pazia, na mlinzi?"

"Ah," akasema Kiboko, akafurahi kuulizwa. "Hatukukurupuka, bibi. Sisi karata hatuzijui. Tulisema tusitunge sheria ya jambo tusilolijua. Tukamwita mtaalamu, akatueleza nyumba nzuri ya mchezo inavyokuwa."

"Mtaalamu gani?"

"Bwana Fisi."

Hee! Nimesema msicheke! Wanawake walikuja kulia kwa ajili ya Fisi, halmashauri ikakaa kikao kwa ajili ya Fisi, na aliyeitwa kuwaambia sheria iweje ni Fisi! Umemkabidhi fisi bucha, halafu unamuuliza kisu kikae wapi. Akawapimia sheria kwa futi ya nyumba yake mwenyewe. Ikamwenea yeye tu.

Bi Nyegere akajaribu kueleza. Akaeleza ya mtama wa Digidigi. Akaeleza ya baba yake. "Hachezi kwa tamaa, Mheshimiwa. Asipocheza hali. Atakufa. Na wanachochezea ni maji ya kahawa tu."

Kiboko akapiga mwayo mkubwa, unaweza kuingiza mtungi. "Pole sana. Lete mlinzi, utapata kibali."

"Basi na msibani mkakataze!" Bi Nyegere akafoka. "Watu wanakesha msibani, wanacheza karata, anayeshindwa anachota maji. Nako kafungeni kamba!"

Kiboko akaruka kitini. Kiti kikalia, kwiii! "Astaghafiru! Msibani? Nani agusaye ada ya msiba? Mimi niguse ada ya msiba, halafu siku yangu nikose wa kunizika, na mwili wenyewe huu? Msibani watu wanacheza tangu babu zetu, hakuna kibali, hakuna sheria. Usirudie maneno hayo!"

"Sirudii," akasema Bi Nyegere.

Akatoka taratibu. Hakuimba. Alikwenda moja kwa moja kwa Kobe.

"Ami Kobe, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Anakwenda. Ami, nina ombi. Nataka ufe."

Kobe akafikiri. Kobe hufikiri kwa muda mrefu, mjue. "Kufa kabisa?"

"Kidogo tu. Unaingiza kichwa, unaingiza miguu, unalala kibarazani kwetu."

"Na nikishakufa?"

"Tunakaa msiba."

Kobe akaanza kucheka ndani ya gamba, ku-ku-ku. "Mazishi lini?"

"Ndugu zako wakifika. Hawazikwi wa kwenu mpaka ndugu wafike, si ndiyo ada?"

"Ndiyo ada. Wako ng'ambo ya mto." Akacheka tena. "Watakuja kwa miguu."

Bi Nyegere alivunja ule ukuta wa kibarazani kwa makucha yake mwenyewe. Paa! Udongo chini. Pazia alilikunja, akaliweka sandukuni. Kamba ya Korongo akaikata kwa meno. Kisha akatoka barabarani, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi. "Uwiii! Kobe ametutoka! Uwiii!"

Aliingia ndani, akainama sikioni kwa baba yake. "Baba. Ami Kobe amekufa, lakini hajafa. Toka nje, wenzako wanakungoja."

Mzee akageuka kidogo. Akamtazama binti yake. Akashika ukuta, akainuka.

Watu wakajaa. Ngedere, Digidigi na mkewe, Pala, Kima na ukoo wake. Msiba ukikaliwa na mikono iko bure, mnajua wenyewe kinachofuata. Karata zikatoka. Huku kundi, kule kundi, mpaka kwenye ua wa nyuma. Kibarazani pale pale, Nungunungu na Kanga, na Mzee Nyegere. Kobe amelala kwenye busati, nyuma ya mahali pake pa kila siku. Watu wakaanza kupokezana kukaa mahali pake, kumsindikiza mzee. Lakini mzee alikuwa anacheza kimya. Mdomo wake haukufunguka. Sahani ya ugali ikaja, ikakaa, ikarudi. Bi Nyegere akaona moyo wake unashuka. Akasema, na hili likishindwa, sina jingine.

Kwa Fisi nako, kimya ji! Hakuna anayeingia. Mji mzima uko msibani. Fisi akanusa upepo. Akaja, anachechemea, huku anamvuta Korongo.

"Poleni, poleni," akasema Fisi. Akamsogelea marehemu, akavuta pumzi ndefu. "Maiti huyu hanuki."

"Mwanahizaya!" akasema Kanga. "Umekuja kuhani au kula?"

"Nasema tu. Misiba naijua. Mimi nikisikia msiba, pua huniambia kabla ya masikio." Akataka kugonga gamba. Nungunungu akasimamisha miiba, chwaa! Fisi akarudi nyuma hatua.

Mara kishindo, ti! ti! ti! Mheshimiwa Kiboko amefika kutoa pole. Akatoa pole, akapewa nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu iliyomtosha, mahali pa Kobe, mkabala na Mzee Nyegere. Akakaa. Akangoja mazishi. Akaambiwa ndugu wako njiani. Akauliza watafika lini. Akaambiwa, "Ni kobe, Mheshimiwa." Akashusha pumzi.

Mtu wa msibani asiye na la kufanya hupewa karata. Kanga akamgawia. "Shika, Mheshimiwa, umsindikize mzee. Turufu ni shupaza."

"Mimi sijui."

"Fuata rangi tu. Wenzako hata sisi hatujui."

Kiboko akashika karata. Zilipotea kiganjani. Akacheza ya kwanza, akacheza ya pili. Nungunungu akashindwa naye. Kiboko akainama, akaona tamu. Akalegeza shingo. Hasira za mchezo zikampanda, akasahau kiti, akasahau mji. "Leta! Leta uone!" Mchezo ukakaribia mwisho. Kanga akatupa ree ya kopa, pa! Kiboko hana kopa. Ana karata mbili tu: pau ndogo, na shupaza. Shupaza, ndugu zangu, turufu hiyo! Akaishika. Akairudisha. Akaishika pau. Akaitazama. Akataka kuitoa.

Nyuma yake, ndani ya gamba, jicho moja lilikuwa limeona yote. Kobe alijikaza. Akajikaza. Akauma ulimi. Mtu anaweza kuvumilia kufa, lakini si kuona turufu inaachwa mkononi.

Kichwa kikatoka, pwi! "TURUFU! Una turufu mkononi, jitu zima! Toa turufu!"

Kanga akaruka mpaka paani. Kaaka-kaaka-kaaka! Kima wakapanda nguzo. Mke wa Digidigi akazirai, akamwangukia Pala. Kiboko akageuka, uso kwa uso na maiti.

"Nilisema!" Fisi akaruka kwa furaha. "Nilisema hanuki! Hakuna msiba hapa! Hii ni kamari bila kibali! Korongo, sheria! Mwenye karata mkononi akamatwe!"

Korongo akaangalia mikononi. Mzee Nyegere ana karata. Nungunungu ana karata. Kanga juu ya paa ana karata. Na Mheshimiwa Kiboko ana karata.

Bi Nyegere akatoka mbele. Hakuogopa tena, alikuwa amechoka mno kuogopa. "Ni kweli," akasema. "Msiba ni uongo, na uongo ni wangu. Adhabu nitaibeba. Lakini sheria ni msumeno, afisa, hukata mbele na nyuma. Uliza lile swali lako. Uliza wote."

Korongo akainua ule mguu wake. "Mheshimiwa... samahani... mlikuwa mnachezea nini?"

"Kuchezea nini!" Kiboko akanguruma. "Ninachezea nini mimi? Maji! Anayeshindwa anachota maji ya kahawa! Hiyo nayo ni kamari? Mtu na akili zake anaweza kuita..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Akasema polepole, "Bi Nyegere. Mbona hukuniambia kuwa ni hivi tu?"

"Nilikuambia!" Sauti ya Bi Nyegere ikapasuka. "Nilikuambia ofisini kwako! Nikamwambia na huyu, hapa hapa kibarazani! Nilikwenda, nikarudi, nikajenga ukuta, nikakata kanga za mama yangu! Nimesema kwa mdomo, nimesema kwa mikono, mngetaka niseme kwa nini, kwa mkia?"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi hapo sicheki.

Kiboko akaweka karata chini. Akatazama watu. "Ni nani hapa aliyeingia kwa Fisi akatoka na alichoingia nacho?"

Hakuna mkono ulioinuka. Digidigi akasema, akitazama chini, "Mimi nilitoka bila mtama wa wanangu."

"Nina kibali!" Fisi akalia. "Nina mlango! Nina pazia! Mwiteni mtaalamu yeyote!"

"Mtaalamu tulimwita," akasema Kiboko. "Hilo ndilo kosa letu." Kisha akasimama, akasema ili mji usikie: "Tangu leo, wakicheza watu na kila mmoja akarudi kwake na alichotoka nacho, asiulizwe kibali. Na nyumba ambayo mtu hutoka hana alichoingia nacho, ifungwe, hata iwe na milango kumi."

Fisi akadai kikao. Akadai kamati. Akadai hili na lile. Bi Nyegere akamgeukia, akamtazama tu. Nyegere akikutazama hivyo unakumbuka una shughuli mahali pengine. Fisi akaikumbuka yake. Nyumba ikafungwa siku ile, Mbweha akabaki hana pa kulinda. Mtama wa Digidigi haukurudi. Msiniulize. Ulishaliwa, haukurudi.

Watu wakatawanyika, wengine wakilalamika kwamba wamelia bure. Kibarazani wakabaki wanne, kila mtu mahali pake. Bi Nyegere akaleta ugali, akauweka, akarudi nyuma mlangoni. Akafumba macho.

Ndipo akasikia sauti. Ilikuwa imekwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa.

"Mjinga wewe," Mzee Nyegere akamwambia Kobe.

"Mjinga nani?"

"Wewe! Ungeendelea kufa kidogo tu! Mimi nilikuwa na turufu ndani ya ngozi hapa! Tulikuwa tunashinda!"

"Ningejuaje? Nilikuwa maiti!"

"Maiti gani anaropoka!"

"Wezi!" Kanga akapiga kelele. "Umesikia, Nungunungu? Amekiri! Ndani ya ngozi!"

Bi Nyegere akafumbua jicho moja. Mkono wa baba yake ulikuwa kwenye sahani. Tonge. Tusi. Tonge. Akageuka upesi, akaingia ndani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, huku anawalaani wote, wakubwa kwa wadogo, mmoja mmoja kwa jina.

Haya. Mmeelewa, au nirudie tangu mwanzo? Funzo ni hili: sheria isiyojua kutenganisha mchezo na wizi humfunga anayecheza na kumfungulia anayeiba. Basi wewe utakayepewa kiti kesho, kabla hujatunga sheria, nenda kakae na watu itakaowafunga, uwasikilize. Usimuulize fisi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, ibebeni; ikiwa chungu, niachieni, mimi nimeshaizoea.